Masikio Uliyoyajibia

Kaka yangu mkubwa,

"Huyu anasikia anachotaka kusikia." Ndivyo ulivyowaambia ndugu zetu, wakacheka. Nimeanza na maneno yako kabla ya salamu ili usije ukasema nimekuzulia. Sasa salamu: hujambo? Wifi na watoto wazima? Goti la mama limepoa? Mimi ni mzima, kwa kiasi cha mtu aliyepona saratani. Uvimbe umeondoka, nywele zimerudi, na hasira haikuwahi kutoka.

Kama nasikia ninachotaka, kaka, ningechagua sauti ya mama. Sauti yake nyembamba ndiyo iliyotangulia kupotea, pamoja na ya mjukuu wangu na kengele ya mashine ya kukatia karatasi. Sauti nzito kama yako zikabaki. Mtu gani mwenye akili timamu angechagua hivyo?

Nilikwenda kwa mpima masikio nikiwa nimeshachelewa. Alinifungia kwenye chumba kidogo, akanivalisha hedifoni, akaniambia nibonyeze kitufe kila nikisikia mlio. Nilikaa nimeshika kitufe, nikidhani hajaanza. Kumbe alikuwa karibu kumaliza. Akanieleza kwamba dawa niliyotundikiwa kwenye dripu huweza kuua masikio polepole, na kilichokufa hakirudi. Akashangaa kwa nini sikupimwa tangu mwanzo, maana madaktari wangeweza kupunguza dawa au kuibadili.

Nikarudi wodini kuuliza. Muuguzi wa dripu alinikumbuka mara moja, kwa sababu yako. Alisema kila mara alikuwa akiuliza kama masikio yananivuma, na mimi nikiwa nimeinamia beseni natapika, yule kaka mcheshi aliyenisindikiza alijibu kwamba masikio yangu hayana ugonjwa, ugonjwa wangu ni ubishi. Wodi nzima ikacheka. Yalikuwa yanavuma, kaka. Yalivuma kama friji mbovu, nami nikadhani ni uchovu. Muuguzi naye nilimpa lake: alikubalije jibu la masikio yangu kutoka mdomo wa mtu mwingine? Lakini yeye aliuliza. Wewe ndiye uliyejibu.

Kwetu, tangu enzi za baba, anayetikisa kichwa kikaoni amekubali. Hilo nalo ukaligeuza mtego. Uliona natikisa kichwa kwa aibu ya kusema "rudia", ukamwachia wifi atoe hoja kwa sauti yake nyembamba kama sindano, kwamba niache kiwanda cha uchapaji nilichokiendesha tangu tumzike baba. Nilitikisa. Mkanishukuru, mkachukua funguo, nikabaki nawatazama kama mgeni aliyekosea nyumba.

Sasa nikwambie usilolijua. Kikao kilichopita nilivaa vifaa vya kusikia chini ya kilemba. Wengine walipotoka kwenda uani, wifi alikuuliza kama hamnitendei dhambi. Ukamjibu, mbele yangu, kwamba aseme tu, Redio, jina ulilonibandika tangu utotoni, imekwisha betri, na kwamba mnunuzi wa kiwanda yuko tayari kabla ndugu hawajashtuka. Nilitabasamu, nikatikisa kichwa, nikanywa chai yangu yote. Chai tamu kama ile sijapata kunywa.

Nakala za barua hii wamepata ndugu zetu wote, na mama nimemsomea mwenyewe. Aliniomba nirudie pale pa betri. Nikarudia.

Wasalimie watoto, hawana kosa. Wifi mwambie swali lake nililisikia, na ndilo litakalomwokoa.

Kwako wewe ninadai hivi. Jumapili uje kwa mama na funguo za kiwanda, uziweke mezani mbele ya wote waliokuona ukizichukua. Kisha useme tena maneno yale ya betri, kwa sauti ile ile. Kliniki ijayo utanisindikiza kama zamani, ila safari hii muuguzi akiuliza, utafunga mdomo, nitajibu mimi. Na ninyi ndugu mliocheka, mje mapema mkae karibu. Asinong'one mtu.

Ni mimi mdogo wako,
Redio