Mkasi na Kadi Zako Tatu

Buffalo, Aprili 2015

Baba,

Jana tulimaliza matanga yako hapa mtaani kwako, Lower West Side. Nguo, redio na Biblia viligawanywa bila ugomvi. Kikabaki kile kipande cha boksi la zamani la chakula, ulichopewa na mzee uliyekuwa ukimwogesha kazini: kadi tatu zenye picha za wachezaji wa besiboli, zilizochapwa pamoja, kati yake mistari ya nukta tu ya kukatia. Mchezo wenyewe hukuujua. Ulisema, "Hawa wanapendana, tazama walivyobanana."

Yohana, aliyekuja kutoka Louisville, alinipa mkasi. "Dada, kata. Watoto watatu, kadi tatu. Au waandishi wa habari hamjui hesabu?" Watu wakacheka. Neema, kitinda mimba wako, akasema muuza kadi mmoja wa North Buffalo alimwonya: zikishakatwa haziungiki tena. Wote wakanitazama.

Nimeripoti moto na mauaji bila kusita. Jana niliuweka mkasi mezani. Niliikumbuka kadi yetu ya chakula kule kambi ya wakimbizi, Tanzania. Yohana alipooa, ulikubali igawanywe ili apate mgao wake. Nami nikaandikiwa yangu. Ilikuwa busara. Hakuna aliyetuambia kwamba wakati wa kusafirishwa kuja Marekani kila kadi ingepangiwa mji wake: Yohana Louisville, mimi Columbus, wewe na Neema Buffalo. Siku ya kuagana ulinishika mkono ukasema, "Ningejua, tungelala njaa."

Nikakitazama kile kipande tena. Yule wa katikati ndiye anayekatwa pande zote mbili. Columbus iko katikati, Baba. Wewe ndiwe uliyekuwa ukitupigia simu kila Jumapili, ukitusengenya kila mmoja kwa mwenzake mpaka tupigiane. Sasa ataanza nani? Naogopa jibu.

Sikukata. Nilisema Yohana akae nacho hadi Krismasi, kisha aniletee mwenyewe, asitume posta. Mimi nitampelekea Neema. Yohana akanung'unika, "Dada, umenifunga kamba." Ni kweli. Lakini alikizungushia shati lako kabla ya kukitia kwenye begi.

Bado naogopa hatakuja. Ni mtu wa kazi za ghala, zamu hazimwishi, na njia ni ndefu.

Lala salama, Baba. Krismasi ikipita bila hodi mlangoni kwangu, nitapanda basi hadi Louisville, nipige hodi kwake.

Binti yako