Jina Lililobaki Ndani ya Faili

Likasi, tarehe 14 Juni

Kwako mama mkwe, mama yetu Veronika,

Nakusalimu kwa heshima na kwa mapendo. Goti linaendeleaje? Wifi Georgette aliniambia kwamba sasa unafika hadi bombani bila fimbo, nikafurahi sana. Najua hupendi habari za simu. Unasema sauti ikishapita huwezi kuirudisha. Ndiyo maana nimeandika kwenye karatasi, wifi akusomee polepole, na ukitaka arudie, arudie. Sisi huku ni wazima. Riziki alikohoa wiki nzima kwa baridi na vumbi la msimu huu, lakini sasa anamaliza bukari yake, ugali wote, na kuuliza kama bibi atatuma ndakala nyingine, vile visamaki vikavu vya ziwani. Zile ulizotutumia zimebaki kiganja kimoja.

Mama, siku tulipoondoa matanga ya mume wangu uliniuliza kama nitarudi Kalemie kukaa karibu nawe. Niliendelea kukunja mikeka, nawe hukunisukuma. Wiki iliyopita nilikaribia kurudi bila kupenda. Nakueleza ilivyokuwa kwa sababu jambo lenyewe ni la mwanao Banza.

Kazi yetu unaijua. Wachimbaji na wafanyabiashara wa Kambove wanaleta mawe kwenye vifuko hapa kwenye karakana yetu ya Shituru. Tunayasaga, tunayayeyusha kwa asidi, mashine inasoma, nasi tunawapa karatasi inayosema shaba iko kiasi gani. Bila karatasi hiyo hawauzi mzigo. Mimi nasaga na kuandika. Banza ndiye aliyetengeneza programu inayopiga hesabu, na tangu atuache, ni mimi tu ninayejua kuiwasha.

Alinieleza hivi, tukiwa tumekaa nje tukisubiri umeme urudi. Ndani ya kompyuta kuna mkalimani, kama yule ndugu aliyekuwa akitafsiri mahubiri ya mgeni kanisani kwenu, sentensi moja baada ya nyingine. Programu imeandikwa kwa maneno ambayo hata mimi nayasoma, na mkalimani anayapeleka kwa mashine mstari kwa mstari. Lakini kwa hesabu nzito mkalimani anachelewa. Zamani kifuko kimoja kilichukua muda wa maji ya chai kuchemka kwenye mbabula, jiko letu la makaa. Kwa hiyo Banza aliandika hesabu hizo kwa lugha nyingine, akazitafsiri zote mapema, mara moja, zikawa maneno ya mashine yenyewe, akazifunga ndani ya faili moja. Aliiita maktaba, ingawa haina kitabu hata kimoja. Mkalimani akifika kwenye hesabu nzito anaifungua maktaba, na jibu linatoka kabla hujapepesa macho.

Faili hiyo aliipa jina lake mwenyewe, banza. Na kwa kuwa unamjua kwa mzaha, aliweka ndani yake kwamba kila inapofunguliwa, kioo cha kompyuta kiandike: "Banza amefika." Kila asubuhi tulicheka. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama pale, kikombe mkononi.

Baada ya mazishi kioo kiliendelea kuandika. Mimi nilikuwa nageuza uso. Mama Josée, anayepokea vifuko mlangoni, ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Ni mtu wa maombi, unamkumbuka, alikuja na kikundi chake kuimba kwenye matanga. Ijumaa alimwambia patron, mwenye karakana, mbele yetu sote:

"Patron, ile jina itoke. Muntu alishakufa, na kila asubui tunamuita tu. Ni muzuri ile?"

Patron akanitazama. "Mama Riziki, weye unaweza kuitosha?"

Nikasema naweza kuliondoa. Nilifikiri ni kama kubadilisha jina kwenye kifuko: unafuta, unaandika lingine. Pia, mama, niseme kweli, nilitaka kupumzika kidogo na jina hilo. Nilibadilisha kila mahali kwenye programu palipoandikwa banza, nikaweka kipimo. Kisha nikabadilisha na jina la faili ya maktaba, ikawa kipimo. Nikawasha.

Mkalimani alikataa. Aliandika mistari ya Kiingereza, akasimama. Nikawasha tena, akakataa tena. Nikazima kompyuta nzima, nikangoja, nikawasha. Vilevile.

Patron hakupandisha sauti, na hiyo ilinitia hofu zaidi. Alisema Jumatatu wenye mizigo wa Kambove watakuja na vifuko mia na zaidi. Kama hesabu haitoki, atavipeleka kwenye karakana nyingine, na mashine yetu ataifunga. "Na kama masini inafungwa, Mama Riziki, kazi yako njo ile tena hapana." Nilielewa. Bila mashine, hakuna haja ya mtu wa kuiwasha, na mimi ningepanda lori kuja Kalemie na mtoto na masufuria.

Jumamosi nilirudi peke yangu asubuhi. Nilijaribu kuifungua maktaba ili nisome ndani, kama ninavyosoma programu. Ilijaa alama zisizosomeka, ukurasa baada ya ukurasa, kama mtu amemwaga misumari. Lakini katikati ya alama hizo nikaona maneno mawili yamekaa wazi kabisa: Banza amefika. Kisha nikakumbuka alivyokuwa akinipiga kidoleni kwa kalamu: "Hii ya kutazama tu, Adela. Ukigusa alama moja ukahifadhi, umeiua." Nikafunga bila kugusa.

Nikampigia fundi mmoja wa Lubumbashi, aliyesoma pamoja na Banza. Nilimsomea ile mistari ya Kiingereza herufi kwa herufi. Akauliza:

"Dada, ulibadilisha jina ya faili?"

"Ndiyo."

Akacheka kidogo, si kwa kunidharau. "Weye ulibadilisha kibao ya inje tu. Mukalimani akiona kibao kipimo, anatafuta mulango ya kipimo. Ndani mulango iko moja tu, na iko ya banza. Ilifungwa vile siku Banza alitafsiri."

"Na kuubadilisha ule mlango?"

"Unipe ile yenye aliandika kwanza kwa mukono wake, mbele ya kutafsiri. Nikiwa nayo, dakika tano tu, nakutengenezea jina yote unapenda. Bila ile, dada, rudisha jina yake."

Mama, kompyuta ya zamani ya Banza, ile aliyoitumia kuandika, iliungua siku umeme uliporudi kwa nguvu. Lakini kila kitu alikiandika kwanza kwenye kaye, lile daftari lake, umeme ulipokatika, kwa kalamu ya bluu. Ile kaye yenye jalada la kijani iko ndani ya sanduku lake. Na sanduku tulikupa wewe, siku ya kugawa vitu vyake, pamoja na koti na viatu. Mimi mwenyewe nililikunja koti juu ya kaye. Sikujua nilikuwa nafunga nini.

Sikukupigia simu. Sanduku ni lako, lilitolewa mbele ya familia, na sikutaka ulifungue kwa haraka yangu. Pia, kulikuwa na swali lingine ambalo kaye isingelijibu: kwa nini jina hilo linamuumiza Mama Josée.

Jumatatu nilifika kabla ya wote. Nikarudisha jina kwenye faili, nikarudisha kwenye programu, lakini sikuwasha. Nilimngoja Mama Josée. Alipoingia nikamwambia, "Mama, programu inaweza kufanya kazi kwa jina lake tu. Sitaiwasha ukiwa mlangoni hujui. Kama linakuumiza, niambie."

Alisimama na mkoba wake kifuani. Nilidhani atanisomea andiko. Akasema kwa sauti ndogo:

"Si mambo ya maombi, Mama Riziki. Ni vile alikuwa ananiletea mukate kila asubui, anasema, 'Mama Josée, minye nimefika, kula.' Nikisoma pale, ninageuka kutazama mulango. Kila siku ninageuka. Minye njo nilichoka kugeuka."

Nikamwambia mimi pia nageuka. Kisha akavuta kiti chake, akakiweka karibu na wangu mbele ya kioo, akasema, "Washa. Leo tutageuka wote mbili."

Nikawasha. Mkalimani alisoma mstari wa kwanza, wa pili, akafika kwenye maktaba, akaifungua. Banza amefika. Hatukugeuka, mama. Mama Josée aliitikia tu, kama anavyomwitikia mtu yeyote: "Eh, karibu." Na hesabu zikaanza kutoka.

Mzee mmoja wa Kambove aliyekuwa wa kwanza kwenye mstari aliinua shingo juu ya bega langu, akasoma. Alimfahamu Banza, walikuwa wakibishana juu ya kila karatasi.

"Ah! Ule muntu bado anatumika kazi?" akasema. "Basi umuambie shaba yangu asiipunguze tena!"

Watu wote walicheka, na patron akacheka. Tulimaliza vifuko vyote siku ile. Kazi yangu ipo. Kwa hiyo jibu la swali lako, mama, ni kwamba nitabaki Likasi kwanza. Usihuzunike. Riziki akifunga shule nitamleta.

Nakuomba jambo moja. Fundi amesema kompyuta hii nayo itazeeka, na mkalimani mpya hatakubali maktaba iliyofungwa kwa ajili ya mkalimani wa zamani. Siku hiyo itabidi kutafsiri upya kutoka kwenye kaye. Usiitume na lori, itapotea njiani. Itunze tu mahali pakavu, na watoto wasichane kurasa zake kuwashia makala ya mbabula. Nitakapokuja nitainakili kwa mkono wangu, na yake itabaki kwako. Utaona mistari usiyoielewa. Usijali, hata mimi siielewi yote. Lakini mwandiko utautambua. Ile herufi z anayoikata katikati, ulisema wewe ndiye uliyemfundisha.

Mnisalimie baba mdogo anayeshona viatu, na shangazi wa ndakala sokoni, na mwalimu wetu wifi Georgette ambaye sasa hivi anakusomea na labda amechoka koo, mpe maji. Riziki anambusu bibi yake kwenye goti linalouma.

Na mnapokaa kula jioni, mama, msiogope kulitaja jina lake. Mkishalitaja, tajeni na langu, ili nami niwe nimefika.

Ni mimi mwanao,
Adela, mama yake Riziki