Taa Nilizozing'oa Kikula

Likasi, mtaa wa Kikula
Jumapili, baada ya ibada

Mama Neema, mke wangu,

Pokea salamu zangu kabla ya maneno mengine, maana hayo mengine si matamu. Wewe hujambo? Neema hajambo? Kile kikohozi chake kimeisha, au bado unampaka mawese kifuani? Na mama yako, mguu umepoa, anaweza kwenda sokoni mwenyewe? Kwa upande wangu mwili ni mzima. Nakula, nalala, homa sina. Moyo ndio unaoumwa, na dawa yake hawaiuzi huku.

Najua utauliza kwa nini barua wakati simu ipo. Simu nimeiogopa. Kwenye simu unanikatisha kabla sijafika katikati, tunacheka, salio linakwisha, na jambo lenyewe linabaki tumboni mwangu. Barua huwezi kuikatisha. Dereva mmoja wa lori tunayesali naye anakuja Kalemie juma hili, ndiye nimempa aibebe.

Umeniuliza tena na tena, "Tuje lini?" Umesema Neema anawatangazia watoto wenzake kwamba anahamia kwa baba. Nitakujibu. Lakini niache kwanza nikueleze ilivyokuwa, usije ukasikia vipande vipande kwa watu.

Nilikuambia habari za Patron, yule mzungu mkubwa wa mgodi mmoja kule Kakanda, niliyemtengenezea jenereta nyumbani kwake hapa mjini. Aliahidi kuniajiri mgodini kama fundi umeme. Kazi hiyo ina nyumba ya familia, vyumba viwili na bomba la maji uani, ndiyo maana nilikuambia mjiandae. Ila kabla ya hapo, alisema, kuna kazi ndogo ya nyumbani kwake. Nikiifanya vizuri, karatasi ya ajira itafuata.

Kazi ndogo yenyewe ilikuwa treni. Usicheke. Si treni ya watu, ni treni ya kuchezea, injini yake inaenea kwenye kiganja. Patron ni mtu mzima, kichwa chote mvi, watoto wake wako kwao na wameshaoa. Aliagiza sanduku la watu wanaoanza mchezo huo: reli za kuunganisha, injini, mabehewa machache na kituo kimoja cha plastiki. Amevitandaza juu ya meza kubwa sebuleni. Ukibonyeza, treni inazunguka, inazunguka tena, haina pa kwenda. Na reli ya kweli ipo hapa Likasi, naivuka kila siku, majani yameota katikati yake. Hiyo ndiyo ingewaleta ninyi, na ukiuliza treni itapita lini, watu wanakuangalia kama umeuliza mvua ya mwaka ujao. Niliyawaza hayo nikafunga mdomo, kwa sababu nilikuwa natafuta ajira.

Basi Patron akaniita mezani akaniambia kwa Kifaransa chake: "Amisi, maintenant tu me fais la cité. Une belle cité, avec des lumières." Sasa nimjengee cité, cité nzuri, yenye taa.

Mama Neema, wewe ni mtoto wa Kongo kama mimi. Mtu akikuambia cité unaelewa nini? Ville ni kule kwenye lami na majumba ya wazungu wa zamani. Cité ni kwetu, watu wanakojijengea wenyewe. Kalemie ni hivyo, Likasi ni hivyo, nchi nzima ni hivyo. Nikasema moyoni, huyu mzungu kumbe ana utu, anataka kuona tunakolala.

Nikamjengea Kikula.

Nilifanyia kazi hiyo chumbani kwangu, hapa ninapopanga kwa Maman Kapinga, yule mjane wa Kikasai niliyekusimulia. Kuta nilizikata kwenye makatoni ya maziwa ya unga. Mabati nilitumia ile karatasi ya fedha ya kufungia nyama, nikaikandamiza juu ya kitana mpaka ikapata mikunjo, halafu nikaweka vijiwe juu, kama tunavyoweka wenyewe ili upepo usiende na paa. Taa ndogo nilizing'oa kwenye tochi za Kichina zilizokufa, sokoni wanaziuza kwa mafungu. Ndani ya kila nyumba nilipaka rangi nyeusi. Usipopaka, mwanga unapenya katoni na nyumba nzima inawaka mpaka kuta. Ukipaka, mwanga unatokea dirishani tu, utafikiri kuna mtu ndani anapika. Dirishani nikabandika karatasi nyembamba ili taa yenyewe isionekane. Nyaya zote zikashuka chini kwenye betri ya pikipiki.

Majirani waliposikia hawakuniacha nipumue. Maman Kapinga akaja kusimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Weye Amisi, na nyumba yangu iko mule?"

"Iko, Maman."

"Mulango yangu iko bleu, usisahabu. Na utiye kile kibao yangu ya kucharger batelefone. Ule muzungu ajue kama na minye niko nafanya commerce."

Nikaupaka mlango buluu, nikaandika kibao kwa ncha ya sindano. Muuza makala naye akataka magunia yake ya makaa yaonekane. Mchungaji akataka taa ya kanisa iwe kubwa kuliko ya baa. Wote niliwatimizia, isipokuwa mwenye baa, ambaye alinuna. Na sikuwasha nyumba zote, maana Kikula umeme ukiwa upande huu, upande ule uko gizani. Hukatwa kwa zamu, huku wanaita délestage. Nikawasha moja hapa, mbili kule, pengine mtaa mzima giza. Ilipendeza, mke wangu. Sijawahi kufanya kitu kizuri hivyo kwa mikono yangu, ukiacha Neema, na Neema hatukumfanya kwa mikono.

Siku ya kuonyesha, Patron aliita wageni, wazungu wenzake wa migodini. Mimi na Papa Ilunga, mpishi wake, tukaibeba mbao niliyoijengea nyumba hizo, tukaipachika katikati ya reli. Nikafunga mapazia, nikawasha.

Wageni wakasogea mezani. Kisha mwanamke mmoja akacheka. Patron akainama, akaangalia mabati, akaangalia vijiwe, akasoma kibao cha Maman Kapinga.

"Mais c'est quoi, ça?" Hii ni nini sasa?

"La cité, Patron. Kikula."

"J'ai dit la cité!" Nimesema cité!

Nikabaki nimesimama na waya mkononi. Papa Ilunga, aliyezeekea kwenye majiko ya wazungu, ndiye aliyeelewa. Akanivuta mpaka jikoni.

"Mutoto yangu, cité ya kwabo haiko cité ya kwetu. Kwabo cité njo muji ya zamani, na kanisa ya mabwe, na manyumba ya étage juu ya étage. Alikuwa anakuomba muji ya kwabo."

"Juu ya nini hakusema hivyo?"

"Alisema. Weye njo ulisikia ya kwetu."

Sebuleni walikuwa wanacheka na kupiga picha. Patron naye akacheka, kwa kuwa wageni wake wanacheka. Hakunitukana. Afadhali angenitukana, ningejua hasira yangu niipeleke wapi. Alinipiga begani akasema ni kosa la kuchekesha sana, sasa nimfanyie ya kweli. Ya kweli! Kumbe mahali ninapolala na kuamka si pa kweli. Pa kweli ni picha aliyonionyesha kwenye simu: uwanja wa mawe, kanisa lenye mnara mrefu, nyumba nyembamba zimebanana. Akataka madirisha yote yawake. Nikajaribu kumweleza kwamba mji unaowaka madirisha yote hauna watu, maana kwenye watu kuna waliolala na kuna waliotoka. Hakutaka kusikia. "Toutes, Amisi." Yote.

Taa za kutosha sikuwa nazo. Nilizunguka soko zima nisipate tochi mbovu, nilikuwa nimezimaliza mwenyewe. Patron akashangaa nahangaika nini wakati taa zipo pale pale, akanionyesha kwa kidole Kikula yangu, waliyokuwa wameiegemeza sakafuni, ukutani. Basi nikakaa chini na koleo langu. Nikang'oa taa nyumba kwa nyumba. Nikang'oa ya baa, nikang'oa ya kanisa, nikang'oa ya muuza makala. Ya Maman Kapinga niliiruka, nikaizunguka, halafu nikairudia nikaing'oa. Mimi huyu huyu ninayelalamika kila siku kwamba umeme unapita juu ya vichwa vyetu kwenda migodini! Niliwakatia wenzangu umeme kwa mkono wangu, mchana kweupe, nimekaa juu ya zulia.

Ule mji wa Patron sasa unawaka. Wageni walirudi, wakapiga makofi, na yule mwanamke aliyecheka akanipa mkono. Linaloniuma kuliko vyote ni kwamba unapendeza. Nikibonyeza, treni ikapita chini ya madirisha yale, natabasamu kama mjinga. Nikirudi nyumbani, Maman Kapinga ananiuliza, "Patron anaona mulango yangu? Anasema nini?" Namwambia anausifu sana. Juzi kwa furaha akanipikia bukari, ugali wao wa huku, na sombe ya majani ya muhogo. Nilikula yote mbele yake, nikalamba na vidole.

Kikula yenyewe nilikwenda kuichukua ili niihifadhi, nikaikosa. Nikamuuliza Papa Ilunga. Akanionyesha jiko lake la makala.

"Ilikuwa mukavu muzuri," akasema. "Ilishika moto mbio."

Sikuweza hata kumkasirikia. Kwake yalikuwa makatoni.

Sasa tuje kwenye ajira. Ijumaa Patron aliniita, karatasi iko mezani, na jina langu limeandikwa juu. Nikawaona wewe na Neema mnashuka kwenye lori, umejitanda kitenge chako cha kijani. Nikaisoma. Halikuwa jambo la Kakanda. Patron akanieleza kwamba kule mafundi umeme wamejaa, lakini mtu wa kumwashia mji wake ni mmoja tu. Anataka kuongeza meza ya pili, kuwe na mto, daraja na kijiji cha mlimani. Nitakaa kwenye annexe, kile kijengo cha watumishi nyuma ya nyumba yake, chumba cha kando ya Papa Ilunga. Chumba cha mtu mmoja.

"Na familia yangu, Patron?"

Alinijibu kwa upole kabisa, kwamba mgeni wa mchana hakatazwi.

Nikaenda jikoni nikamkuta Papa Ilunga anamenya vitunguu. Mke wake anaishi Mulungwishi. Ni hapo tu, ukipanda gari asubuhi unafika jua halijawa kali, na bado mzee wa watu anamwona Noeli na Pasaka. Nikamweleza. Akaendelea kumenya.

"Bibi yangu iko ku Mulungwishi, minye niko huku. Batoto balikomea kule, bakakuwa bakubwa, sikubaona. Utazobelea, Amisi. Muntu anazobelea."

Kuzobelea ni kuzoea. Alilisema neno hilo kama anayenibariki. Nilimchukia kwa neno lile, na mzee wa watu hana kosa lolote.

Najua hapa unangoja nikuambie kwamba nilichana karatasi. Hata mimi nilingoja nione kama nitaichana. Nilitembea nayo mfukoni, nikafikiri nirudi Kalemie. Nirudi nifanye nini? Niliondoka kwa sababu hata watu wa kunituma kushusha mizigo bandarini walikuwa wamekwisha. Nikafikiri niingie mashimoni na wenzangu nichimbe, lakini uliniapisha mbele ya mtoto kwamba sitaingia. Nina hasira, Mama Neema. Nina hasira na Patron, nina hasira na lugha ya watu, nina hasira na mikono yangu kwa kujua kazi ambayo haiwasaidii ninyi kulala karibu na mimi. Lakini hasira haimnunulii mtoto sare ya shule.

Nilisaini jana. Kwa hiyo jibu la swali lako ni hili: msije. Usinijibu kwa methali, na usimwombe mama yako aniombee, sijafikia kuombewa. Ukitaka kunitukana, nitukane kwa barua, nitaisoma yote.

Nisalimie mama yako, mwambie dawa ya mguu nitaituma. Nisalimie kaka yangu mkubwa na mkewe. Nisalimie shemeji yangu fundi viatu, nasikia amepata mtoto wa kiume, Mungu amkuze. Msalimie mwalimu wa Neema. Neema mwenyewe mbusu kwenye paji la uso, na usimwambie bado, mwache awaringie wenzake siku mbili tatu. Halafu yule jirani uliyemwachia meza yako ya dagaa sokoni, naye msalimie sana, kisha umwombe akurudishie.

Mimi mumeo,
Amisi