Kumutoa Consolée Mu Wimbo

KWAYA TUMERUDI, MINAGO
Kumbukumbu ya kikao cha komite, Jumamosi 12 Oktoba 2024
Mahali: nyuma ya nyumba ya Prezida, pale wanapikia mawese
Waliokuwapo: Prezida Theonest, katibu Chausiku, ndiye mie nasema haya, mujukuu wangu Irakoze anaandika juu ya mie kutojua kuandika, Anita, anayejifunza kazi ya studio kule Rumonge, Fabiano, muuza ndagala, anayechunga simu ya kwaya, Consolée, mwanzishaji wa nyimbo.
Hakuwapo: Jephté, mupiga ngoma. Malaria. Muke wake alileta habari, na mihogo kidogo, tunamwambia murakoze, aksanti.

KUMB. NA. 1/10: KUFUNGUA
Prezida alifungua kwa sala. Kawaida tunafungua na wimbo, Consolée anaanzisha. Siku hii alikataa. Prezida alimuuliza juu ya nini, akasema, "Baba Theonest, utasikia." Alikaa mugongo kwa ukuta, macho kwa njia. Hata chai yangu hakugusa, na nilitia tangawizi.

KUMB. NA. 2/10: KILE ANITA ALITUFUNDISHA
Anita alikumbusha kama mu studio kila mutu anaimba peke yake, mu kale kachumba kenye magodoro kwa ukuta, amevaa kaske kwa masikio. Hapo sauti ya kila mutu inalala mu ordinateri, ile kompyuta yake, kwa mustari wake, na ukitaka kuitoa unaitoa, sawa jiwe mu muchele. Katibu alisema ni kweli, alifundisha hivyo tangu siku ya kwanza. Prezida ndiye alikataa. Alisema kwaya si foleni ya wagonjwa kwa dispanseri, mutu mmoja mmoja. Basi siku ya kurekodi wimbo tulisimama wote pamoja, tumeshikana mikono, mbele ya mikro tatu. Mie nilipenda, nisidanganye. Kale kachumba kana joto, kanafanana na kaburi. Prezida aliomba maneno ya kaburi yasiandikwe. Yameandikwa.

KUMB. NA. 3/10: OMBI LA CONSOLÉE
Consolée aliomba sauti yake itoke mu wimbo kabla haujaenda kwa radio. Komite iliuliza sababu. Alisema pole pole, tukasogeza viti. Alisema kule ng'ambo, Kongo, alikuwa na bwana, na huyo bwana alimukata na panga kwa bega. Alama tuliijua. Tulifikiri ni ya vita. Siku alipovuka ziwa, hakuna mutu alijua ameelekea wapi. Lakini bwana alikuwa akimwambia kila mara: "Jina utabadilisha. Ile sauti utaificha wapi?"

Ni kweli. Consolée akianzisha, sauti inapanda, inakatika kidogo, halafu inashika tena. Siku nilipoisikia mara ya kwanza nilikuwa nafua, sabuni yangu ikaenda na maji, nzima, ilikuwa mupya.

Prezida alisema wimbo bila Consolée si wimbo. Consolée alimujibu: "Na mimi bila shingo, baba?"

Anita alifungua ordinateri, akashusha mikro ya Consolée mpaka chini kabisa. Tulisikiliza. Alikuwa bado mule. Sauti yake iliingia mu mikro yangu, mu ya Prezida, juu ya vile tulikuwa tumeshikana. Ilitoka mbali, kama mutu anaimba nyuma ya nyumba. Irakoze aligeuka kutazama.

"Siwezi kumutoa, koko," Anita aliniambia, vile mutu anaita bibi yake. "Nikimutoa, tunatoka wote."

KUMB. NA. 4/10: SIMU YA FABIANO
Komite ilikuwa imekataza wimbo kutumwa. Fabiano alieleza kama alimutumia tu dada yake, ng'ambo, kwa furaha. Katibu alisema kinywa cha Fabiano ni wavu uliooza, hata ndagala haushiki. Dada naye akatumia wengine. Juzi mwanaume mmoja asiyemujua akamwandikia Fabiano. Fabiano aliombwa asome. Alisoma: "Wimbo muzuri. Huyo mama anayeanzisha, iko wapi? Nataka kuja kumupongeza."

Prezida aliuliza, "Na weye ulimujibu nini?"

Fabiano alitazama miguu yake. Alisema alimujibu vile mugeni anajibiwa: "Iko huku Minago. Karibu sana."

"Mana yanje, Mungu wangu," alisema Anita.

Consolée aliuliza kama yule mutu alirudisha neno. Fabiano alisema ndiyo, asubuhi ya leo: "Aksanti. Niko njiani."

KUMB. NA. 5/10: MAAMUZI
Fabiano na Anita wakitoka hapa waende kwa shefu wa kolini, mukubwa wa kilima chetu, na ile simu. Consolée asilale kwake. Atalala kwa mutu. Jina na mahali havisemwi hapa. Alisema, "Nilishakimbia mara mbili, vita na bwana, nimechoka," lakini alikubali. Wimbo utaimbwa upya, mmoja mmoja, mu kale kachumba. Mie nitaanzisha. Sauti yangu ni ya chura, lakini hakuna mutu ananitafuta.

KUMB. NA. 6/10: KUFUNGA
Kikao kilifungwa saa kumi na moja na nusu, jua bado liko. Kwa mazoea tu, Prezida alisema tufunge na wimbo, akauliza nani anaanzisha. Hapo pikipiki moja ikapita kwa barabara, dereva amefungulia simu kwa nguvu, na wimbo wetu, ule haujaenda kwa radio, ukaanza. Ile sauti ikapanda, ikakatika kidogo, ikashika tena. Consolée alikuwa katikati yetu, amefunika kinywa na mikono miwili. Pikipiki ilishuka na huo wimbo mpaka mwaloni, kule boti za ng'ambo zinafikia.

Prezida: Theonest (sahihi)
Katibu: Chausiku (alama ya kidole)