Mguu wa Ochwo na Ubishi wa Kunyoosha

Alhamisi, 29 Mei 2025

Nimepigwa tena. Raundi ya kwanza! Mdomo umepasuka, nakunywa uji kwa mrija, na jicho la kushoto limefunga duka.

Hii ni mara ya pili mfululizo naanguka kabla damu haijachemka. Ya tatu ikifika, kocha Maloba ananitoa kikosini. Amesema mbele ya watu wote, kwa hiyo hatarudi nyuma, namjua. Pambano lijalo ni Tororo, Jumatatu ya tarehe tisa, na bondia mmoja wa kule wanamwita Saruji.

Lakini mimi najua kinachoniangusha. Kunyoosha! Kabla ya kila pambano Maloba anatukalisha sakafuni, miguu mbele, kichwa magotini, mwenzako anakukandamiza mgongo kwa nyuma. Nusu saa nzima. Halafu anapita yeye mwenyewe, mmoja mmoja, anamalizia. Ule msukumo wa mwisho ni wa kocha siku zote. Ukiinuka umelegea kama ugali uliozidi maji. Kengele inalia, mtu anakuletea ngumi, wewe bado unatafuta miguu yako.

Leo nikamwambia. Alinichapa mgongoni na kipande cha mpira wa maji, mara mbili. Akasema yeye zamani alichanika paja Kisumu kwa sababu hakunyoosha, na tangu aanze kufundisha hakuna bondia wake aliyechanika. Miaka thelathini! Kwake hiyo ni dini.

Ijumaa, 30 Mei

Lori tatu za mahindi. Mabega yanawaka.

Nimemuuliza Ochwo: sisi makuli tukifika stoo asubuhi, nani hujinyoosha? Alicheka mpaka akashika ukuta. "Wewe nakwenda lala chini mbele ya gunia? Gunia itakucheka!"

Ochwo ni mwenzangu wa mzigo na wa ngumi. Mtu wa Nabuyoga, kijiji cha kule Tororo, amepanga upande wa Uganda na mkewe, anavuka mpaka kila asubuhi. Hajui kukasirika, na hilo ndilo linaniudhi kwake.

Hapa stoo tuna sheria. Gunia la kwanza la siku ni nusu. Tunaliita gunia la salamu. Unalitembeza kutoka lori hadi ndani, mara tatu, mgongo unaamka, ndipo unabeba zima. Hata uwe simba namna gani, usipobeba la salamu hakuna atakayekutwisha lingine. Hakuna anayenyoosha kitu, na sijaona mtu akivunjika hapa.

Basi kwa nini jioni tunafanya kinyume?

Jumamosi, 31 Mei

Nimejaribu! Wenzangu walipokaa sakafuni mimi nilijificha nyuma ya choo. Nikaruka kamba, nikarusha ngumi hewani, polepole kwanza, halafu kasi. Gunia la salamu. Nikaingia nikiwa natoka jasho.

Nilipewa Kevo wa kikosini nipigane naye. Nikamwangusha mara mbili. Damu ya pua yake iliniruka kifuani na nikasikia utamu, sitasema uongo.

Halafu nikapewa Ochwo. Yeye alikuwa amenyoosha nusu saa yote, mtoto mtiifu. Akanipiga ngumi moja ya ini. Moja tu! Nikapiga magoti, nikatapika chai mbele ya kila mtu. Walicheka. Maloba akauliza kwa sauti, "Profesa, aliyenyooshwa ni nani na aliyelala ni nani?" Ochwo akaninyooshea mkono aniinue. "Pole, ndugu yangu."

Pole yake aipeleke Nabuyoga.

Jumatatu, 2 Juni

Ochwo amechanika. Msuli wa nyuma ya paja, mguu wa kulia.

Ilikuwa wakati wa kunyoosha. Kichwa magotini, mgongo umekandamizwa. Alisema basi, basi. Halafu kikasikika kitu — tii! — kama mshono wa gunia ukiachia. Akapiga yowe kwa lugha ya kwao. Mguu umeshavimba, mweusi hadi gotini.

Nimembeba mimi. Mgongoni hadi ng'ambo ya mpaka, halafu boda hadi hospitali ya Masafu. Njia nzima alikuwa akiniuma bega kwa maumivu, alama za meno zipo. Daktari anasema ngumi basi, na magunia asahau mwaka huu.

Nilisema! Nilisema kunyoosha ni balaa!

Jumanne, 3 Juni

Uganda ni sikukuu ya Mashahidi, lori chache. Stoo nzima inazungumza habari moja. Patroba alisema. Patroba aliona mbali. Hata wazee wanaopima mizani wanasema kunyoosha ni ujinga wa wazungu. Kevo ameapa hatakaa sakafuni tena. Nimekuwa mtu mkubwa kwa siku moja.

Adhuhuri alikuja Florence, mke wa Ochwo, kutoka kanisani moja kwa moja. Ameleta ugali wa wimbi na kuku mzima. Eti shukrani kwa kumbeba mume wake. Alilia kidogo, akafuta machozi kwa leso, akanihimiza nile paja.

Nikala. Lilipita.

Akasema Ochwo anajua aliyemchana. Hakumwona, macho yalikuwa magotini, lakini msukumo wa mwisho ni wa mzee, nani hajui? Owor, kaka yake mkubwa, ameapa. Ndugu wote wa Nabuyoga watakuja Tororo siku ya pambano. "Watavunja yeye miguu mbili," Florence alisema, kwa upole kabisa, huku akiosha sahani.

Jumatano, 4 Juni

Sijalala. Niandike ukweli basi. Daftari hili hakuna anayelisoma.

Maloba alikuwa amegeuka. Mtu alimwita dirishani, naye kocha akaniambia shikilia hapo hapo. Mgongo wa Ochwo ulikuwa chini ya mikono yangu. Nikakumbuka ile chai sakafuni, kile kicheko, ile pole. Akasema basi. Akasema tena basi. Nikajitupa juu yake na uzito wangu wote, kilo sabini na tano, goti kwenye kiuno. Nilitaka alie. Hicho tu, alie kama nilivyolia mimi.

Wengine wote vichwa viko magotini au macho kwenye migongo ya wenzao. Nilipoinua macho Maloba alikuwa ameshageuka. Akanitazama. Akainama kumshika Ochwo.

Kwa hiyo kunyoosha hakukumchana Ochwo. Ni mimi. Na sasa mpaka mzima unatoa mfano wa mguu wake kunipa haki mimi! Kama kunyoosha kunafaa au hakufai, sijui tena. Ochwo alinyoosha akanipiga. Mimi sikunyoosha nikampiga Kevo. Labda ngumi haijali.

Leo nimepiga ukuta wa choo mpaka vidole vikachubuka.

Jumamosi, 7 Juni

Nilikwenda kwa Maloba kumwonya habari za ndugu wa Ochwo. Nilimkuta anashona glavu. Ule mpira wake wa kuchapia sikuuona.

Nikamwambia asiende Tororo. Akasema bondia wake anapigana Jumatatu, aende wapi?

"Kocha, watakuvunja."

"Nasikia."

"Waambie basi si wewe."

Hapo ndipo aliponitazama. "Nilikuona, Patroba. Nikasema moyoni, huyu ni mimi niliyemkalisha pale na hasira yake, nikampa mgongo wa mtu." Akakata uzi kwa meno. "Miaka thelathini hakuna aliyechanika. Sasa yuko mmoja. Kocha hamchongei bondia wake."

Nilitaka anichape. Kwa nini hakunichapa! Nilisimama mlangoni pake kama mdaiwa wa kanisa, mwisho nikasema asante. Asante ya nini? Nimejiudhi njia nzima.

Alisema pia kwamba Tororo hakutakuwa na kunyoosha. Nijipashe nitakavyo.

Jumatatu, 9 Juni. Tororo

Siku ya Mashujaa ya Uganda. Ulingo uko kwenye uwanja wa shule, sisi tumepewa darasa la kubadilishia nguo. Ubao bado una hesabu za kugawanya.

Nimeshinda. Nilijipasha nusu saa, kamba na ngumi za hewani, nikapanda nikiwa moto. Saruji alikuja mikono chini. Nikampiga pua, ikalala upande. Nikampiga sikio. Alipoinama nikampiga tena, na tena, refa alinivuta kwa shingo nikawa bado narusha. Jino lake moja lilinasa kwenye glavu. Raundi ya kwanza, dakika ya pili! Watu walipiga kelele jina langu. Sikusikia utamu wowote.

Kwa sababu niliwaona. Wanaume sita nyuma ya viti, wamesimama, hawapigi makofi. Na Ochwo katikati yao na mkongojo wake. Yeye alipiga makofi, mkongojo umebanwa kwapani. Kwa ajili yangu.

Sasa wako nje ya mlango huu. Owor amebisha kwa rungu. Hana haraka. Anasema kwa adabu kabisa, "Patroba, wewe toka, kunywa soda na mgonjwa. Sisi nataka mzee peke yake." Na sauti ya Ochwo nyuma: toka, ndugu yangu, hii si vita yako.

Naandika kwa sababu kalamu ikisimama mdomo utafunguka. Vidole vimevimba, herufi zinakwenda ovyo. Sentensi moja tu! Ni mimi niliyemkalia. Maneno matatu, na mtu wa kumwambia yuko hatua tano, nyuma ya mbao. Akijua, hao sita ni wangu. Florence atajua. Stoo itajua.

Maloba amefunga mfuko wa glavu na kuuweka juu ya dawati. Amevua koti, amelikunja vizuri. Ana miaka sitini na miwili, magoti mabovu. Ananiambia nikaandikie nyumbani, nitoke sasa kabla hawajakasirika.

Wamebisha mara ya pili. Mlango hauna komeo, wanabisha kwa heshima tu.

Kocha amevua saa yake ya mkononi, ameninyooshea nimshikie isije ikavunjika.

Nimeipokea.