Mwisho Uliotusomea, Rajabu

Rajabu, ndugu yangu,

"Marehemu alitusomea ile iko ndani ya kitabu, na Salongo mwenyewe ni shahidi." Mama Atim, mke wa Sajini, aliyasema maneno hayo siku ya arobaini yako, sahani ya pilau mkononi, watu wote wakisikia. Siku ile niliitikia kwa kichwa. Sasa najibu. Shahidi ni mimi kweli, na ushahidi wangu ni huu: hukutusomea kilichoandikwa.

Wageni walipoondoka, Bi Mariamu alinipa kitabu chako cha tatu, kile ulichotusomea mwisho wake, kikiwa kimefungwa katika khanga. Akasema, "Mume wangu aliagiza upewe baada ya arobaini, si kabla." Nikadhani ni zawadi. Nilitembea nacho kutoka Naguru mpaka Lubaga, nimekikumbatia kama nilivyowabeba mapacha wangu.

Unakumbuka tulivyoanza. Kila Jumamosi saa moja jioni, majirani wasio na televisheni walijaa katika karakana yako ya redio kutazama mchezo wa mfalme anayewanyang'anya watu vivuli vyao na kuvifungia ndani ya mlima wa vioo. Kitufe cha televisheni yako kilikuwa kimeng'oka, ukawa unageuza kwa koleo. Jumapili mchana tulirudi kuulinganisha mchezo na riwaya ulikotolewa. Riwaya tatu za Kiingereza, nakala moja moja, zote zako. Wewe ulisoma na kutufasiria papo hapo kwa Kiswahili, sisi tukagombana. Mimi niligombana wiki tatu kwa sababu televisheni ilimvika viatu mtunza vivuli, yule mtumwa wa mfalme, na kitabuni anatembea pekupeku ili sakafu ya vioo isimsikie. Mama Atim akaniambia, "Salongo, wewe nalilia viatu ya mtu hayuko duniani." Ulicheka mpaka koleo likakuponyoka.

Na sheria ya kikao niliitunga mimi: mshika kitabu hakatizwi, wala kitabu hakitoki mkononi mwake. Tulikuwa tumenyang'anyana cha kwanza mpaka jalada likachanika. Sikujua kwamba nakujengea mahali pa kujificha.

Kisha ukaja mwisho. Kwenye televisheni mfalme aliwasamehe watu wake, nao wakapiga magoti wakamshukuru. Awasamehe kwa kosa gani? Yeye ndiye aliyewaibia. Sikulala vizuri, nikasubiri Jumapili. Kitabu kitasema kweli, nikajiambia.

Jumapili ile tulikuwa na mgeni. Sajini alisema ni shemeji yake. Alivaa miwani myeusi ndani ya nyumba, na hakuvua viatu mlangoni. Ulifungua kitabu, ukatusomea: wakapiga magoti, wakashukuru. Sauti yako haikutetemeka hata kidogo.

Mwalimu Okot alisimama. Mtu mpole, hata kikohozi chake kinaomba ruhusa. "Samahani, Bwana Rajabu. Kitabu hicho nilikisoma chuoni. Hakiishi hivyo. Naomba niuone ukurasa."

Nani alimrukia? Mimi. Nilimkariria sheria. Nikamwita mwongo mwenye digrii ya kukumbuka. Mama Atim akadakia, "Mwalimu, kaa chini, kitabu iko na mwenyewe," na karakana nzima ikacheka. Hakukaa. Alichukua kofia yake, akatoka. Kesho yake niliandika kurasa tatu dhidi ya watu wanaokijua kitabu kuliko kitabu chenyewe, nikazibandika kwenye mlango wako. Rajabu, misumari ulinipa wewe.

Sasa nimeusoma ukurasa ule. Mtunza vivuli anafungua mlango wa mlima. Watu wanaingia pekupeku, kila mmoja anatoka na kivuli chake, na mfalme anabaki akitaka kuwaita warudi, na hajui jina la hata mtu mmoja. Pembeni, kwa penseli, ipo tafsiri yako. Yote. Neno moja umelifuta mara mbili ukitafuta lililo bora. Kumbe ulikuja Jumapili ile na mwisho wa kweli mkononi, umeshauandaa kwa ajili yetu. Ukatazama, ukaviona viatu vile miguuni mwa mgeni.

Nimekaa na jambo hili siku nne. Jumapili ile nakusamehe. Chumba kilikuwa na wanawake na watoto, na sote tunajua watu wanavyochukuliwa siku hizi na wenye miwani myeusi, wasirudi. Ningekuwa mimi, huenda ningesoma ukweli, tukapotea wote. Wewe ulikuwa na akili kuliko mimi.

Jumatatu ndiyo siwezi. Jumatatu tulikuwa wawili tu, nyundo mkononi mwangu, misumari mkononi mwako. Ungeniambia neno moja. Ulikuwa na miezi minne kabla kifua hakijakumaliza. Nilikuletea samaki kutoka Ggaba kila Ijumaa, nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikajisifu jinsi nilivyomnyamazisha Mwalimu. Ulinisikiliza. Mara moja ulisema, "Salongo, una mdomo mkali," nikaona umenisifu. Uliogopa mdomo huu, basi. Ulidhani ningekwenda kupiga kelele barabarani. Pengine ningekwenda. Lakini ulimwacha mtu mkweli abebe uongo wako, ukanifanya mimi kuwa fimbo ya kumpigia. Mwalimu akiniona sokoni anavuka upande wa pili. Hilo ulilijua, ukangoja ufe ndipo nijue.

Nilikupenda, na bado nina hasira. Lala, Rajabu. Bi Mariamu hatakosa samaki wa Ijumaa maadamu natembea. Kurasa tatu nimezing'oa mlangoni kwako, na misumari ninayo mfukoni.

Barua hii nitaisoma karakanani Jumapili, kwa hiyo haya ni yenu mnaosikiliza. Mama Atim, Sajini, na kila aliyecheka siku ile: simameni, twendeni mpaka kwa Mwalimu Okot. Mimi nitatangulia kuomba radhi, nanyi mtanifuata, mmoja mmoja, kwa sauti. Kisha tutampa kitabu. Yeye ndiye mshika kitabu, na safari hii mtu asimkatize. Shemeji yako akija, Sajini, mpe kiti cha mbele. Avue viatu, asikie mwisho.