Makopo ya Mama

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha mbele.
Jumapili, 12 Julai.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zangu. Natumaini wewe, shemeji na wanangu mmeamka salama, na kile kikohozi cha kitinda mimba kimepoa. Sisi huku ni wazima isipokuwa Mama, na hapo ndipo adabu yangu inapoishia, maana nina hasira nawe na sitaki kuificha.

Mama alianguka jikoni Jumanne. Mkono wa kushoto umevunjika na umefungwa plasta. Daktari alimpima presha, akauliza mara ya mwisho alimeza dawa lini. Mama akanitazama mimi. Zilikuwa zimepita siku tisa, tangu siku uliyoondoka.

Ulipokuja likizo ulipanga vitu vya Mama siku tatu nzima. Ulifanya kazi, siwezi kukunyima haki yako. Kila kitu kiliingia kwenye kopo lenye kifuniko, makopo yakapangwa kabatini kwa urefu kama wanafunzi mstarini. Kwako inafaa. Wewe tangu utotoni ukiona kijiko nje ya droo hulali. Lakini Mama si wewe. Mama hukumbuka kwa macho. Dawa zilikaa kando ya redio miaka kumi na mmoja kwa sababu akiwasha taarifa ya habari ya asubuhi anaziona, anameza. Wewe ukaona ni fujo, ukazifungia.

Na miwani yake je? Umeitia ndani ya kopo lililobandikwa karatasi ya "Miwani", kwa herufi ndogo mno. Ulitaka aisome kwa miwani ipi?

Mimi ni fundi cherehani. Mkasi wangu unaning'inia msumarini, chaki iko dirishani, vitambaa vya wateja viko kitini. Ulivicheka sana. Lakini hakuna mteja aliyewahi kupotelewa na nguo yake kwangu. Ungeniuliza ningekueleza mambo ya Mama. Hukumuuliza hata Mama mwenye nyumba.

Jana nilizirudisha dawa kando ya redio. Nikatoka kuanika nguo, kurudi nakuta meza tupu. Amezirudisha kwenye kopo kwa mkono mmoja, kalibana kwa magoti ili afunge kifuniko. Nilimfokea, Mungu anisamehe. Akanijibu polepole, "Mdogo wako amehangaika. Akija akute nimevuruga, hatakuja tena."

Sasa unaelewa kwa nini nimefura? Mwanzoni alisahau, sasa anakataa. Kabla ya likizo hii ulikaa miaka minne bila kukanyaga hapa, mpaka mama yetu anaogopa kugusa kabati lake mwenyewe. Kila asubuhi nampitia kumtilia vidonge mkononi kabla ya kufungua duka, na siku nikiugua sijui itakuwaje.

Mimi nimesema mpaka koo limekauka, hanisikilizi. Mpigie leo, usitume ujumbe. Mwambie kwa kinywa chako aweke vitu vyake anapotaka, kisha umtajie tarehe utakayokuja. Usimtajie tarehe ya uongo.

Msalimie sana shemeji, wabusu wanangu, na shangazi aliye huko mwambie nguo yake iko tayari. Mungu awalinde nyote, na wewe akulainishe kichwa.

Wako akupendaye, ingawa leo kwa shida,

Dada yako